Nani Alitenda? Wimbo wa "Kijiti" na Somo la Kauli za Vitenzi

Kila mwanachuo anayerudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha huja na lalamiko lile lile juu ya somo la kauli za vitenzi. Wanafunzi, asema, hukariri kutenda, kutendwa, kutendea na kutendana kama wanaokariri majina ya mito, na juma likipita hawakumbuki hata moja. Tumelisikia lalamiko hilo tangu tulipoingia katika kazi ya ukufunzi, nasi hatuna dawa ya kulimaliza. Katika makala haya tungependa kueleza jinsi sisi wenyewe tulivyokuja kuielewa kauli ya kutendwa, baada ya kuifundisha miaka miwili mizima bila kuielewa, na jinsi tulivyojikuta tumetoka katika sarufi tukaingia katika taarabu, katika khanga, na katika swali la namna sanaa pendwa inavyowachora wanawake na wanaume. Habari yenyewe ina aibu kwetu. Tunaieleza kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wataingia madarasani karibuni, na hawana sababu ya kuanzia pale tulipoanzia sisi.

Mwaka 1981 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya msingi ya kijijini, pwani ya Tanzania Bara. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulikuwa na miaka michache tu, madarasa yalifurika, na katika walimu sita wa shule ile sisi tulikuwa mwanamke pekee. Jumatatu moja asubuhi, kabla ya kengele, wasichana wawili wa darasa la sita walikuja mezani petu. Wakatuamkia shikamoo, tukawaitikia, wakabaki wamesimama. Jumamosi usiku kulikuwa na ngoma ya harusi katika kitongoji cha pili. Walipokuwa wakirudi, kijana mmoja aliyekuwa akiuza duka alimkamata mwenzao mkono na kumvuta kuelekea mikoroshini. Walipiga kelele, yeye akamwachia, lakini gauni lilikuwa limechanika begani. Mwenzao hakuja shule siku ile. Walituomba tuseme na mtu. Hawakujua ni mtu gani. Walidhani mwalimu anajua.

Swali letu la kwanza, na tunalikumbuka neno kwa neno, lilikuwa hili: "Na nyinyi mlikuwa mkitafuta nini ngomani usiku?"

Wakainamisha vichwa. Tuliwapa adhabu ya kuchota maji ya bustani ya shule kwa siku tatu, kisha tukafungua daftari la adhabu, tukaandika kwa mwandiko mzuri: "Wanafunzi wawili wa kike wamekutwa na kosa la kuhudhuria ngoma usiku. Wameadhibiwa." Yule msichana wa tatu alirudi baada ya juma moja, akahudhuria siku chache, akaacha. Katika daftari la mahudhurio tuliandika kuwa ni mtoro.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kwa bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, mjane, mwenye ulimi usioogopa mtu. Chini ya kitanda chake alikuwa na santuri tatu alizozifunga katika khanga kuukuu, ingawa mashine ya kuzipigia ilikwisha kufa zamani. Jioni ile, tukichambua mchele uani, tulimsimulia yaliyotokea shuleni. Tulisimulia, lazima tukiri, kwa fahari kidogo, kama mtu aliyefanya kazi yake. Bibi alisikiliza bila kutukatiza. Mwisho akatuuliza kama tunaujua wimbo wa Siti binti Saad uitwao "Kijiti". Hatukuujua. Akatueleza habari yake, akauimba kidogo kwa sauti iliyochoka, kisha akasema: "Basi, mwalimu, wewe na jaji wa wimbo ule mmetoka tumbo moja."

Tulicheka tukidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Kwa faida ya wale wasioufahamu, yafaa tueleze. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu wa hali ya chini, akapewa jina la Mtumwa. Kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa kufuata ala, na jina la Siti akalipata huko. Wakati huo taarabu ilikuwa sanaa ya jumba la Sultani na ya vyama vya wanaume, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, nayo iliimbwa zaidi kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizouzwa chini ya nembo ya His Master's Voice, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Wanachuo wengi wanamjua kwa jina tu, kwa sababu Shaaban Robert aliandika wasifu wake, laiti wangeusoma.

Wimbo wa "Kijiti" unasimulia kisa cha Unguja ya wakati wa utawala wa Waingereza. Mwanamke mmoja mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, alichukuliwa na mwanamume huyo hadi vichakani, akatendewa ukatili na kuuawa. Muuaji akatoroka. Wanawake waliojua habari walikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na jaji, badala ya kumtafuta aliyekimbia, akawageuzia hasira hao waliokuwa mbele yake. Akawatukana, akasema atawafunga wao. Hatunukuu beti hapa. Wimbo bado unapatikana na ni bora usikike kuliko kusomwa. Lakini tunaomba msomaji azingatie mambo mawili yaliyomo ndani yake.

Jambo la kwanza ni jina. Mahakama ilimpoteza muuaji; wimbo ulimkamata ukamweka katika kichwa cha habari, na karibu miaka mia baadaye bado yuko pale. Kila anayeutaja wimbo huo analitaja jina lake. Jambo la pili ni kwamba katika baadhi ya beti marehemu mwenyewe anasema. Hakuna sheria iwezayo kumwita maiti kizimbani, lakini wimbo ulimwita, naye akamsemesha aliyemuua. Yule aliyetendwa kuliko wote akapewa kauli.

Hapo tumefika katika neno lenyewe. Kiswahili hutumia neno moja, kauli, kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huenda zikayatenganisha. Kauli ni umbo la kitenzi, na kauli ni haki ya kusema. Mtu akiambiwa kwamba hana kauli nyumbani kwake, maana yake neno lake halisikilizwi. Tulikuwa tumefundisha maana ya kwanza kwa miaka miwili, na ile ya pili tulikuwa tukiisikia kila siku mitaani, bila kuzikutanisha. Usiku ule tulilala tukiliwaza lile daftari la adhabu. Sentensi mbili tulizoandika zilikuwa na vitenzi viwili vikuu, "wamekutwa" na "wameadhibiwa", vyote katika kauli ya kutendwa. Waliwakuta nani? Hakuna aliyewakuta, walikuja wenyewe. Aliwaadhibu nani? Sisi, lakini hatukujitaja. Kijana wa dukani hakuwamo kabisa, wala yule msichana wa tatu. Mwandishi wa sentensi hizo alikuwa amemtorosha mtu bila hata kumfungulia mlango.

Tungependa kusema kwamba asubuhi yake tulikwenda tukalirekebisha jambo. Hatukwenda. Tuliona haya mbele ya walimu wenzetu, na yule kijana alikuwa mpwa wa mtu mkubwa kijijini.

Miaka ilipita. Mwaka 1994, tukiwa mkufunzi, tuliamua kuujaribu wimbo ule katika darasa la sita la shule ya mazoezi, wanachuo wakiwa wamekaa nyuma na madaftari yao. Tuliieleza habari kwa kiasi kinachofaa umri ule. Tulisema kwamba mwanamume yule alimchukua mgeni kwa nguvu akamuua, basi, mengine hatukuyagusa. Kisha tukauliza swali tulilodhani ni la busara: "Nani mwenye kosa?"

Majibu yalimiminika. Mgeni alikosa kwa kutoka usiku. Wenyeji wake walikosa kwa kumwacha. Wazazi wa mgeni walikosa kwa kumruhusu kusafiri. Ubao ukajaa makosa, na karibu yote yalikuwa ya wanawake. Aliyeua alitajwa na mtoto mmoja tu, wa mwisho, tena kwa sauti ya kuuliza. Wasichana hawakutofautiana na wavulana. Kama walitofautiana, basi ni kwa kuwa wakali zaidi. Tulisimama na chaki mkononi tukitambua kwamba hatukuwafundisha watoto lolote isipokuwa kuwa majaji wa aina ile ile. Na swali ndilo lililowafundisha. Ukimwuliza mtoto nani ana kosa, atawatazama waliobaki katika hadithi, na mwenye kitendo alikwisha kuondoka.

Kwa hiyo katika kipindi kilichofuata tulifuta ubao, tukachora jedwali la safu tatu. Katika safu ya kwanza tuliandika watu: Kijiti, mgeni, mashahidi, jaji. Katika ya pili, "alitenda nini". Katika ya tatu, "alitendwa nini". Tukawaambia wasitoe maoni, watafute vitenzi tu. Kazi hiyo waliipenda kwa sababu ni ya kutafuta. Kijiti alichukua, aliua, alitoroka. Mgeni alisafiri, alifika, alichukuliwa, aliuawa. Mashahidi walikwenda, walieleza. Walitukanwa, walitishwa kifungo. Jaji alikaa, alikasirika, alitukana, alitisha. Jedwali lilipokamilika palikuwa na nafasi mbili wazi katika safu ya tatu. Darasa lilikaa kimya kidogo, kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, mbona Kijiti hakutendwa?"

Katika kazi yetu yote hatujasikia mfano bora wa kauli ya kutendwa.

Hatutaki kumfanya msomaji aamini kwamba somo liliishia katika makofi. Mvulana mmoja alisema, kwa adabu kabisa, "Lakini mwalimu, mgeni asingetoka usiku, angekuwa hai." Hilo ni kweli, na mwalimu asiyekubali ukweli wa mtoto atapoteza darasa. Tulimwuliza, "Na Kijiti asingetoka usiku?" Akafikiri. "Kijiti ni mwanamume," akajibu, "ana haki ya kutembea." Wenzake wengine walicheka, wengine wakanyamaza, na kengele ikalia. Sentensi hiyo ya mvulana ndiyo waandishi wa mrengo wa kifeministi wamekuwa wakiijadili kwa vitabu vizima: kwamba usiku, barabara, ngoma na starehe huhesabiwa kuwa mali ya jinsia moja, na mwanamke akionekana humo lazima aeleze amefuata nini. Mvulana yule hakuisoma popote. Aliipata mle mle ambamo sisi tuliipata kabla ya kuwauliza wasichana wetu lile swali la mwaka 1981.

Tangu hapo tumekuwa tukiwaambia wanachuo wawe na sikio la vitenzi wanaposikiliza sanaa zinazopendwa na watu. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa; hilo kila mwanafunzi analijua. Jaribuni kusema mbele ya darasa kwamba fulani, mwanamume, "ameolewa", mtaona kicheko kitakavyolipuka, maana mitaani hiyo ni dhihaka ya mwanamume anayeishi kwa mali ya mkewe. Msikizime kicheko hicho haraka. Waulizeni wanacheka nini. Halafu waonyesheni kwamba lugha ina pia "kuoana", kauli ya kutendana, ambayo haimweki yeyote chini, nayo ni Kiswahili safi cha tangu zamani.

Katika taarabu ya kisasa mambo yana mzunguko wa kuchekesha. Mnamo mwaka 1992 liliundwa kundi la East African Melody, na katika muongo ule nyimbo za mipasho zikatawala kumbi za Dar es Salaam na Unguja. Msomaji aliyehudhuria anajua utaratibu: mwanamke huinuka na noti mkononi, hucheza taratibu hadi kwa mwimbaji, humtunza katika ubeti ule unaomgusa, huku jicho na kidole vikimwelekea mbaya wake aliyekaa meza ya tatu. Wako wanaosema kwamba huu ni ushindi, kwa sababu mwanamke ana ukumbi, ana fedha yake, ana sauti kubwa, na anasema mbele ya watu kuhusu mapenzi na tamaa, mambo ambayo mchana angefundishwa kuyanyamazia. Wako wanaosema ni kinyume chake, kwa kuwa mishale yote huwaendea wanawake: mke mwenza, jirani, hawara. Sisi tunawakubalia wote wawili, lakini tunaongeza jambo dogo la sarufi. Katika mipasho mume "huibiwa". Huchukuliwa, hunyang'anywa, hurudishwa, kama kuku aliyepotelea ua wa pili. Mwanamume aliyekuwa mtenda wa kila kitendo anageuka ghafla kuwa kitu kisicho na miguu wala nia. Na kitu kisicho na nia hakina hatia. Wanawake wawili wanagombana, naye amekaa pembeni anakunywa soda yake katika kauli ya kutendwa.

Juu ya picha tutasema machache, kwa kuwa shule nyingi hazina televisheni na mwalimu mwenye busara hatazileta video za muziki darasani. Mwaka 1975 Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu wa Uingereza, alichapisha insha iliyosema kwamba katika sinema za Hollywood kamera hutazama kwa macho ya mwanamume: yeye ndiye anayetenda, na mwanamke yupo ili atazamwe. Mwenye kutazama video nyingi za Bongo Fleva hatahitaji kwenda Hollywood kwa ushahidi. Ataona kiuno kisicho na jina na miguu isiyo na neno la kusema. Darasani magazeti ya zamani na kalenda za ukutani zinatosha. Wanafunzi wahesabu tu ni nani ameshika kitu mkononi na anafanya nacho nini, na ni nani amesimama kando ya gari ambalo si lake.

Jambo hili nalo linaturudisha kwa Siti. Watu walimdhihaki kwa sura yake. Walisema, kwa maneno makali, kwamba bila sauti asingekuwa kitu, naye aliwajibu kwa wimbo. Tumewahi kufikiri kwamba bahati yake mojawapo ilikuwa ni santuri. Santuri haina macho. Aliyeinunua Mombasa au Tanga alinunua sauti, na sura hakuuliziwa mtu.

Khanga ni zana tunayoipendekeza kuliko zote, maana haina gharama na huingia darasani yenyewe, mabegani mwa mama aliyemleta mtoto. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yake. Swali la kuuliza ni moja: nani anamwambia nani? Maneno mengi ya khanga hayamtaji msemaji wala msemwa, na ndiyo ujanja wake. Mwanamke asiyeweza kumjibu wifi yake mdomoni huvaa jibu akapita nalo uani. Hiyo ni kauli iliyopatikana pale ambapo kauli ya mdomo ilikatazwa. Lakini mwalimu awe na staha. Asimwulize mtoto kwa nini mama yake amevaa khanga ile.

Staha hiyo hiyo inahusu unyago. Wanachuo hutuuliza kama wanaweza kualika somo au kungwi azungumze na wasichana, hasa tangu jina la Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, lilipovuma duniani. Alituzwa na WOMEX mwaka 2005, akafariki mwaka 2013, naye maisha yake yote alipiga ngoma za unyago. Jibu letu ni hapana. Ndani ya unyago mna elimu ya mwili ambayo wanawake waliilinda wenyewe bila kuwaomba wanaume ruhusa, na hilo tunaliheshimu. Mna pia mafundisho mengi ya kumpendeza mume na machache ya kumkatalia, na hilo wanawake wenyewe wanalibishania. Ubishi huo ni wao, na mahali pake si mbele ya ubao.

Kuna wanachuo wa kiume ambao hunong'ona kwamba mambo haya ni ya wanawake, tena yametoka Ulaya. Kwa la pili tunawajibu kwamba Siti aliimba kabla neno ufeministi halijatamkwa na mtu yeyote mtaani kwake, na ndiyo maana Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Kwa la kwanza tunawakumbusha kwamba waliompigia ala na kutunga pamoja naye wengi wao walikuwa wanaume. Wimbo wa "Kijiti" haukutoka katika kikao cha wanawake peke yao.

Wala tusidhani kwamba jaji wa wimbo ule amekufa na zama zake. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu Tanzania Bara kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa miaka karibu 20 zikatumika kuwaondoa shuleni wasichana wajawazito, mpaka serikali ilipotangaza, Novemba 2021, kwamba waruhusiwe kurudi. Sikilizeni walimu wanavyolisema jambo lenyewe: "amepata mimba". Kupata, kama mtu aliyeokota shilingi njiani. Nani aliyempa? Kitenzi hakisemi, na mara nyingi ofisi ya shule haiulizi. Utaratibu umebadilika. Kitenzi bado.

Mwanachuo atakayelijaribu somo hili amweleze kwanza mwalimu mkuu. Asiwaombe watoto wasimulie yaliyowapata wao au ndugu zao mbele ya wenzao. Wimbo uwe ni kivuko cha kupitia, kila mtu ajifiche nyuma yake. Lakini ajue kwamba, baada ya somo kama hili, huenda mtoto mmoja akabaki nyuma wenzake wakitoka. Hapo hakuna sarufi tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha anayejua kuwa mtoto ametendewa ubaya kutoa taarifa. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupigwa bila malipo. Yote hayo ni ya saa ya pili. Katika dakika ya kwanza mwalimu ana sentensi moja tu ya kusema, na tunamsihi asianze na "wewe ulikuwa". Aanze na "yeye alifanya nini?"

Mwaka 2003, katika kituo cha mabasi cha mji mmoja wa pwani, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alituamkia shikamoo mwalimu. Alikuwa mmoja wa wale wawili. Tulizungumza habari za mvua na nauli, kisha tukamwuliza juu ya mwenzao wa tatu. Aliolewa mwaka ule ule, akasema, hakurudi shule tena. Sasa wanaonana mara moja moja. Tulianza kumwomba radhi, tukakwama katikati, maana basi lake lilikuwa likipiga honi na utingo ameshika mzigo wake. Alipanda, akakaa dirishani, akatutazama kitambo.

"Mwalimu," akasema, "lile daftari ulilotuandika bado lipo?"

Tulimwambia kwamba hatujui.